Acheni kuipa mikunde sifa zote

Naomba niseme hili kwa mara ya mwisho, ingawa najijua, wiki ijayo nitalirudia: mikunde haina hatimiliki ya kunasa naitrojeni ya hewani. Kila nikitaja kwamba nachunguza vinundu vya mizizi ya kichaka kiitwacho Purshia, yaani vile vivimbe wanamoishi bakteria wanaonasa naitrojeni, hakosi mtu, tena mwenye shahada yake, wa kunikata kauli: "Lakini hiyo ni jamii ya waridi!" Ndiyo, ni ndugu wa mtufaha na stroberi. Na ina vinundu.

Purshia ni vichaka vya nyanda kame za magharibi mwa Amerika Kaskazini, tangu British Columbia hadi Mexico. P. tridentata, chenye vijani vya ncha tatu, huota bega kwa bega na pakanga za huko, na kulungu hukitafuna sana majira ya baridi. Mpelelezi Mmarekani Meriwether Lewis alikichuma mwaka 1806 akirudi kutoka Pasifiki. Mtaalamu wa mimea Frederick Pursh akakieleza kisayansi, jenasi ikaja kupewa jina lake. P. stansburyana, ambacho mbegu zake zina mkia wa manyoya, zamani kiliitwa Cowania. Hivi viwili huzaana, kwa hiyo msiniletee picha ya kichaka chotara mkadai jibu la neno moja.

Aliyemo kwenye vinundu hivyo si Rhizobium, bakteria wa mikunde. Ni Frankia, bakteria wa nyuzinyuzi, na kinundu chake ni mzizi wa pembeni uliogeuka, ukatoa matawi juu ya matawi mpaka ukafanana na tumbawe. Wekundu mnaoutafuta mkipasua kinundu cha maharage msiutegemee hapa. Frankia wengine wa ukoo huo ndio wanaoilisha mivinje ya pwani yetu. Kule Bamburi, Mombasa, machimbo ya mawe ya matumbawe yalianza kupandwa miti mwaka 1971, mahali pasipo na udongo wa maana, na mivinje ikasimama. Haikuulizwa kama ni kunde. Mjohoro, kwa upande wake, ni jamii ya mikunde kamili, umejaa kwenye viwanja vya shule, na vinundu hauna. Mkwaju vilevile.

Sasa lile linaloniudhi zaidi: "Nilichimba, sikuona kitu." Ulichimba wapi? Kina gani? Mwezi gani? Mizizi ya Purshia huteremka mita kadhaa, na kwenye ardhi ile tabaka la juu hukauka kabisa kiangazi. Vinundu hupendelea penye unyevu. Ukivuta kichaka kwa nguvu, mizizi myembamba hukatika ikabaki chini pamoja na vinundu vyake, nawe unainua shina safi na kuandika "hakuna". Halafu yapo maeneo ambayo vinundu kweli havipo: pengine bakteria mwenyewe hayupo, pengine naitrojeni ya udongo inatosha na mmea hauoni sababu ya kulisha mgeni. Shimo tupu linakupa habari za shimo hilo na siku hiyo, basi.

Wala msiruke upande wa pili mkadhani jamii nzima ya waridi inanasa naitrojeni. Ni katawi kamoja tu: Purshia, Cercocarpus, Chamaebatia na Dryas, na hata Dryas mara nyingi hukutwa bila vinundu. Fallugia paradoxa ina mikia ya manyoya ileile, wageni huichanganya na Purshia kila mwaka, na haimo.

Inanasa kiasi gani kwa hekta? Takwimu zinazozunguka siziamini sana, hata nilizopima mwenyewe. Kwa isotopu, yaani aina za naitrojeni zinazotofautiana uzito, tunalinganisha kichaka na jirani asiyenasa, tukichukulia kwamba wote wawili wanakula udongo mmoja. Nyikani kila mmoja ana kina chake, kwa hiyo msingi wa hesabu umelegea tangu mwanzo. Isitoshe, Frankia aliwahi kuoteshwa maabara tangu 1978 kutoka mmea mwingine, lakini kundi linaloishi na waridi hawa liligoma kwa miongo.

Mnaootesha miche ya kurudisha nyika iliyoungua: miche ya kitaluni, kwenye udongo uliochemshwa na mbolea tele, hutoka bila Frankia. Changanyeni udongo kidogo kutoka chini ya kichaka kikongwe, mpunguze mbolea. Na ile pakiti ya bakteria wa maharage, tafadhali, ibaki imefungwa.