Vimelea havijifunzi kukwepa dawa: bahati na uteuzi katika mageuko ya viumbe

Waliozidi miaka arobaini wanaikumbuka klorokwini: chungu kama shubiri, na ukishaimeza unajikuna mwili mzima usiku kucha. Lakini ilikuwa ya bei ndogo na ilitibu malaria. Kisha ikaacha kutibu. Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwamba vimelea viliizoea. Jibu hilo linaingia akilini upesi, tatizo ni kwamba limebeba dhana nzima kuhusu namna viumbe wanavyobadilika, na dhana yenyewe haiko sawa.

Katika mihadhara yetu ya wazi, swali kuhusu mageuko huja kwa sura mbili. Kuna anayesimama na kusema: nyinyi mnadai viumbe wote, binadamu akiwemo, wametokana na kubahatisha tu, jambo lisiloingia akilini. Na kuna anayeamini kwamba viumbe hubadilika kwa sababu wanahitaji kubadilika, yaani shida ndiyo inayowasukuma. Wote wawili wanakosea, kila mmoja kwa upande wake. Mageuko yana hatua mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kutokea kwa mabadiliko katika vinasaba, na hiyo haijui mahitaji ya kiumbe. Ya pili ni uteuzi asilia, yaani nani anabaki na kuzaa na nani anatoweka, na hiyo haina bahati nasibu nyingi ndani yake. Nitaeleza kwa kutumia malaria, kwa kuwa ndiyo kazi ya kila siku ya maabara yetu, na kwa kuwa mageuko yake yametokea watu wakiwa hai wakiyatazama.

Kimelea cha Plasmodium falciparum kikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu hukaa humo kwa takriban saa 48, kisha chembe inapasuka na kuachia vimelea vipya kati ya 16 na 32. Kila kimoja kinahitaji nakala yake ya DNA, yenye herufi zipatazo milioni 23. Unakili huo ni makini ajabu. Makosa ni kama moja katika kila herufi bilioni. Hata hivyo, mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuwa na mamia ya mabilioni ya vimelea mwilini. Kwa wingi huo, karibu kila kosa la herufi moja linaloweza kutokea limeshatokea mahali fulani ndani ya damu ya mtu huyo mmoja, kabla hajafika hata kwenye dirisha la duka la dawa. Makosa mengi hayana athari yoyote. Mengine yanakiua kimelea chenyewe. Machache sana, kwa sadfa, yanakisaidia.

Hapo ndipo penye ubishi. Je, dawa ndiyo iliyosababisha kosa lile la manufaa litokee, au lilikuwepo tayari?

Swali hili lilijibiwa mwaka 1943, kwa bakteria badala ya malaria, na kwangu mimi jaribio lile ni miongoni mwa mazuri kuliko yote katika biolojia. Salvador Luria, Mtaliano wa Kiyahudi aliyewakimbia mafashisti, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani. Mwenzake Max Delbrück alikuwa mwanafizikia kutoka Ujerumani. Walijua kwamba ukiwamwagia bakteria virusi vinavyowaua, wengi hufa na wachache hubaki wakiwa sugu. Lakini usugu ulianza lini? Luria alipata wazo kwenye hafla ya dansi chuoni, akimtazama mhadhiri mmoja akicheza mashine ya kamari: mara nyingi haitoi kitu, halafu ghafla inamwaga sarafu kibao.

Akachukua mirija 20, akaweka bakteria wachache katika kila mmoja, akawaacha waongezeke. Kisha akawamimina kwenye sahani zenye virusi na kuhesabu walionusurika. Ikiwa usugu husababishwa na kukutana na virusi, kila sahani itatoa idadi inayokaribiana na nyingine, kwa kuwa bakteria wote wamekumbana na adui yule yule, siku ile ile, kwa kiasi kile kile. Ikiwa usugu ulizuka wenyewe wakati bakteria wakiongezeka, idadi zitatofautiana sana. Mrija ambao kosa lilitokea mapema utakuwa na ukoo mkubwa wa masugu, na ule ambao halikutokea hautakuwa na hata mmoja.

Matokeo: mirija 11 kati ya 20 ilitoa sifuri. Mingine ilitoa 1, 3, 5, 6. Mmoja ulitoa 35, mwingine 64, na mmoja ukatoa 107. Bakteria wale 107 walikuwa ndugu, kizazi cha babu mmoja aliyepata kosa lake wakati hakuna kirusi hata kimoja kwenye mrija. Luria na Delbrück walikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1969, pamoja na Alfred Hershey.

Basi hiyo ndiyo maana ya bahati katika elimu ya mageuko, na ni maana finyu kuliko watu wanavyodhani. Haisemi kwamba mabadiliko hayana chanzo. Vyanzo vinajulikana: kemikali, mionzi, vimeng'enya vinavyoteleza wakati wa kunakili. Wala haisemi kwamba kila herufi ina nafasi sawa ya kubadilika. Sehemu fulani za DNA hukosewa mara nyingi kuliko nyingine. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Haifa walichapisha hesabu ya kosa linaloleta selimundu, ugonjwa wa damu ambao jeni yake pia hukinga dhidi ya malaria; kosa hilo waliliona moja kwa moja kwenye mbegu za kiume za watu wachache kutoka Ghana na Ulaya, na wakaripoti kwamba lilionekana zaidi kwa Waghana. Utafiti huo ulishangiliwa na baadhi ya watu kana kwamba umeiangusha nadharia nzima. Mimi sioni hivyo. Idadi zilizohesabiwa ni ndogo, na hata zikithibitishwa zitakuwa zimeonyesha kwamba eneo hilo la DNA lina kasi yake ya makosa kwa watu hao. Kwamba mwili wa baba unatambua kuna malaria nje na kumwandalia mtoto kinga, hilo ni dai zito zaidi na linahitaji ushahidi wake.

Sasa hatua ya pili. Klorokwini hujikusanya kwenye kifuko ambamo kimelea humeng'enya damu. Kwenye ukuta wa kifuko hicho kuna protini iitwayo PfCRT. Ikibadilika mahali pa 76 kwenye mnyororo wake, pamoja na sehemu nyingine kadhaa, hugeuka kuwa mlango wa kuitolea dawa nje. Kwa sababu yanahitajika mabadiliko kadhaa kwa pamoja, mlango huo ulizuka mara chache tu duniani. Ulionekana Kusini-mashariki mwa Asia na Amerika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, na ule wa Asia ndio uliosafiri hadi Afrika Mashariki, ukathibitishwa Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Palipokuwa na klorokwini kwenye kila damu, kimelea chenye mlango kilizaa na kisicho nao kikafa. Hapo hapana kubahatisha. Ukijua dawa inayotumika, unajua nani atashinda.

Na ukiiondoa dawa? Malawi iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993. Mlango ule una gharama, kwa kuwa kimelea kilicho nao hukua kwa taabu pasipo na dawa. Miaka minane hivi baadaye badiliko lile la mahali pa 76 lilikuwa limetoweka, na mwaka 2006 ikachapishwa ripoti ya watoto wa Blantyre waliotibiwa kwa klorokwini, karibu wote wakapona. Vimelea havikusahau kitu. Vile vya asili vilivyokuwa vimebaki kidogo ndivyo vilivyozaana na kuvipita vingine.

Uteuzi una mkondo kiasi kwamba historia hujirudia. Badiliko liitwalo R561H kwenye jeni ya kelch13, linalochelewesha kazi ya artemisinini, dawa ya malaria iliyokuja baada ya klorokwini, lilijulikana kwanza Asia. Likaja kuonekana kwenye sampuli za Masaka, Rwanda, na vinasaba vikaonyesha kwamba halikuletwa na msafiri. Lilizuka hapo hapo, kivyake. Uganda nayo imepata ya kwake, mahali pengine kwenye jeni ile ile. Jambo kama hilo limewatokea watu pia: uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa mabichi ulizuka kwa wafugaji wa Afrika Mashariki kwa badiliko tofauti na lile la Ulaya, ingawa yote mawili yako jirani kwenye DNA. Mwaka 2006 Daniel Weinreich na wenzake walichunguza mabadiliko matano yanayowapa bakteria usugu dhidi ya viuavijasumu vya jamii ya penisilini. Yanaweza kufuatana kwa njia 120. Kati ya hizo, uteuzi unaweza kupita katika 18 tu. Anayesema mageuko ni bahati tupu hana jibu kwa namba hizi.

Bahati ina nafasi yake hata baada ya hapo, sikatai. Katika kundi dogo badiliko linaweza kuenea au kupotea bila sababu ya maana, na Motoo Kimura, mtaalamu wa vinasaba wa Kijapani, alionyesha tangu 1968 kwamba mabadiliko mengi ya DNA yako hivyo.

Lakini mkondo si macho. Uteuzi hauoni hatua ya mbele, na mfano ninaoupenda ni wa atovakwoni, dawa nyingine ya malaria. Dawa hiyo ikitumika peke yake, kimelea sugu hujitokeza upesi ndani ya mgonjwa yule yule na kutamalaki. Kisha kinanyonywa na mbu, na humo kinashindwa kukua. Badiliko lililokipa ushindi kwenye damu ya binadamu limeiharibu mitambo yake ya nishati, ambayo ndani ya mbu haina mbadala. Mchakato wenye kuona mbali usingemaliza ushindi wake kwenye mlango uliofungwa. Selimundu nayo ni hivyo: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki, na anayerithi kwa wazazi wote wawili huugua maisha yake yote.

Hapo huulizwa: basi Mungu hana kazi? Majaribio niliyoyataja yanapima jambo moja, kama kosa la unakili linafuata hitaji la kiumbe, na jibu lake ni hapana. Hayapimi kama kuna Muumba aliyeuweka ulimwengu uende hivyo, na mwanasayansi anayedai mirija ya Luria imelimaliza suala hilo amevuka mpaka wa taaluma yake. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliojenga elimu ya mageuko ya karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi na hakuona mgongano.

Tunachoweza kukifanya na elimu hii ni hesabu. Tuseme kimelea kimoja katika trilioni moja ni sugu kwa dawa ya kwanza, na kimoja katika bilioni kumi ni sugu kwa ya pili. Kwa kuwa makosa hayajui mahitaji, kupata yote mawili kwa pamoja ni kuzidisha: moja kwa tarakimu yenye sifuri 22. Hiyo ndiyo sababu ya dawa mseto, na ndiyo sababu mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliyataka makampuni yaache kuuza artemisinini peke yake. Mwaka huo huo Tanzania ilihamia ALu, mseto wa artemetha, ya jamii ya artemisinini, na lumefantrini. Hesabu hiyo inasimama pale tu kila kimelea kinapokutana na dawa zote mbili kwa kiasi kinachotosha. Mtu mzima hupewa vidonge 24 kwa siku tatu. Akimeza 12, akapata nafuu na kumhifadhia mwanawe vilivyobaki, vimelea dhaifu vimekufa, vile vilivyokuwa na nusu ya usugu vimebaki na uwanja mtupu, na mbu wa usiku huo ndiye atakayevihamisha.