Pesa ya mafuta haiendi manispaa

Jamani hili la barabara hapa Zanzibar tulizungumze taratibu, maana kila masika likija shimo likijaa maji watu barazani wanaanza, manispaa wanakula pesa zetu za mafuta na rodi laisensi. Mie nilikuwa naamini hivyo hivyo miaka mingi tu.

Ukweli ni kuwa unapojaza vespa yako pale sheli kuna tozo ndani ya bei ya lita, na ile haipiti manispaa hata dakika moja, inakwenda Mfuko wa Barabara ambao ni wa SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ndio unaolipia matengenezo. Laisensi ya gari nayo inakusanywa na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ile tuliyokuwa tukiita ZRB.

Sasa manispaa wana nini? Itazame risiti ya muuza mbatata Darajani, utakuta ada ya soko, ya taka, leseni ya biashara, pakingi, basi vijisenti vya hivyo, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa namba 7 ya 2014. Kwa hizo wafagie mji, wazibue mitaro, wazoe taka, halafu mtu anataka watie lami mpaka Fuoni!

Sisemi hawana lawama, mtaro ukiziba maji yanapanda juu na lami inachimbika, hapo wabaneni. Ila madiwani wakikaa kuzungumza barabara, suali la kuwauliza ni mgao gani wanapata kutoka serikali kuu, maana mfuko wa mafuta hawaushiki wao.