Saa ya kwanza, marufuku kutafuta

Kila ninapoanza kuwafundisha wanafunzi kutumia hifadhi za nyaraka za kidijitali, sharti langu la kwanza huwaudhi: kwa saa nzima ni marufuku kugusa kisanduku cha kutafutia. Fungua toleo moja la gazeti la zamani ulisome lote, kuanzia tahariri hadi matangazo ya farasi waliopotea. Wengine hunong'ona kwamba mzee amepitwa na wakati. Sijali.

Sharti hilo lilizaliwa na aibu. Mwanafunzi wa uzamili niliyekuwa nikimsimamia aliandika kwamba gazeti fulani liliunyamazia mgomo wa makuli wa bandarini. Alitafuta neno la mgomo kwenye matoleo ya mwezi mzima, akaambulia patupu, nami nikaipitisha sura yake. Baadaye nikafungua picha za kurasa zenyewe, nikaikuta habari imetulia kwenye safu ya tatu, chini ya tangazo la dawa ya kikohozi. Ukurasa ulikuwa umepigwa picha kutoka maikrofilamu (utepe wa picha ndogo za kurasa) iliyochubuka. Mashine inayogeuza picha kuwa maandishi ikasoma mistari ya safu mbili kana kwamba ni mmoja, na neno tulilolitaka likakatwa katikati. Sura ikabidi iandikwe upya, na sahihi ya kuipitisha ilikuwa yangu.

Unapotafuta, kinachopekuliwa ni matini ambayo mashine imeikisia kutokana na picha, nayo hukosea. Kwenye vitabu vya Kiingereza vilivyochapwa kabla ya 1800 hivi, herufi s iliyokuja mwanzoni au katikati ya neno ilikuwa na umbo refu linalofanana na f. Ndiyo maana "sugar" huweza kusomwa na mashine kama "fugar", na mtafiti wa biashara ya sukari akaukosa ushahidi uliolala mbele ya macho yake. Nawaagiza wanafunzi wajaribu maneno yote mawili. Trove, hifadhi ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia, inawaruhusu wasomaji kusahihisha matini ya magazeti mstari kwa mstari. Nikipata darasa lenye subira, nawapa wanafunzi wake makala moja waisafishe. Kazi hiyo inachosha, lakini baada yake hakuna anayeamini tena kila jibu la "hakuna matokeo".

Matini ikiwa safi, mtego huhamia kwingine. Old Bailey Online ina kesi zaidi ya 197,000 za mahakama ya jinai ya London, za kuanzia 1674 hadi 1913, na sehemu kubwa ilichapwa upya kwa mkono, kwa hiyo utafutaji wake ni wa kuaminika. Ila asili yake ni vijitabu vilivyochapishwa ili viuzwe, na maneno ya utetezi mara nyingi yalifupishwa au kuachwa kabisa. Ukiona mshtakiwa hana la kusema, muulize kwanza mchapishaji.

Halafu kuna SlaveVoyages, hifadhidata ya mtandaoni yenye safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa kuvuka Atlantiki. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuuliza pale maswali ambayo zamani yangemla profesa miaka kadhaa, na hilo mimi nalishangilia bila kinyongo. Lakini pale nyaraka zisipotaja idadi ya watu waliopakiwa melini, waandaaji waliikadiria kwa hesabu. Nimesahihisha insha zilizonukuu makadirio hayo hadi mtu wa mwisho, kana kwamba karani alisimama gatini akiwahesabu mmoja mmoja.

Jambo dogo ila la lazima: pakua picha unazozitegemea. Mwezi Oktoba 2023 British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilishambuliwa na wadukuzi, na orodha yake kuu haikurudi mtandaoni hadi Januari 2024, tena kwa kusomwa tu. Aliyekuwa na nakala zake mwenyewe aliendelea na kazi.

Chini ya kila nukuu nataka mistari mitatu: nakala iliyopigwa picha inahifadhiwa wapi, maneno yapi yalijaribiwa kwenye utafutaji pamoja na tahajia zake zote, na ni kurasa zipi zilizosomwa kwa macho. Anayeniletea kiungo kitupu, namrudishia kazi yake siku hiyohiyo.