Je, Wajua Kwa Nini Kahawa Ile Ile Leo Ni Tamu, Kesho Ni Chungu?

Kopo ni lile lile, birika ni lile lile, na anayemimina ni yule yule. Jana kikombe kilinyweka vizuri, leo ni chungu kama shubiri, na kesho huenda kikawa na ugwadu wa kukunja uso. Anayeanza kujitengenezea kahawa kwa mkono huilaumu kahawa yenyewe, akaenda kununua nyingine. Mara nyingi kahawa haina kosa. Kilichobadilika ni kiasi cha vitu ambavyo maji yamevitoa kwenye unga.

Katika kahawa iliyokaangwa, sehemu inayoweza kuyeyuka kwenye maji haifiki theluthi moja ya uzito wake. Iliyobaki ndiyo machicha tunayotupa. Mtu angedhani basi ni vyema kukamua yote inayokamulika, lakini sivyo. Katika miaka ya 1950 mwanakemia wa Marekani, Ernest Lockhart, alilipima jambo hili, na kipimo kilichotokana na kazi yake kingali kinatumika: kikombe kizuri hupatikana pale asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa unga inapokuwa imeingia majini.

Sababu ni kwamba vitu hivyo havitoki kwa mkupuo mmoja. Vyenye ukali wa asidi hutangulia kwa wingi, utamu hufuata, na vile vizito vyenye uchungu na ukakasi huzidi kujitokeza kadiri maji yanavyoendelea kupita. Ukikatisha mapema unapata ugwadu na ladha isiyo na kina. Ukipitiliza unapata uchungu unaoacha ulimi mkavu.

Jambo hili unaweza kulionja mwenyewe. Kahawa inapochuruzika kutoka kwenye chujio, ikinge kwa glasi tatu: ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Ya kwanza itakuwa nyeusi tii, nzito na kali hadi pembeni mwa ulimi. Ya pili ni nyepesi kidogo na ina utamu. Ya tatu imepauka kama chai ya rangi, na ladha yake ni ya uchungu mwembamba usiopendeza. Sasa zichanganye zote tatu. Hakuna glasi hata moja kati ya hizo iliyo nzuri kuliko mchanganyiko wake.

Hapa wengi hujikwaa, kwa sababu huchanganya uzito na uchungu. Kahawa ikiwa chungu, wao hupunguza unga. Matokeo yake maji mengi yanapita kwenye unga mchache, kila chembe inakamuliwa zaidi, na kikombe kinatoka chepesi na bado kichungu! Unga ukipunguzwa peke yake hubadilisha wepesi wa kinywaji. Uchungu unatibiwa kwingine, na tiba ya kwanza ni usagaji.

Chukua chembe yenye umbo la mchemraba, uikate nusu kwa kila upande. Unapata vipande 8, na eneo linaloguswa na maji limekuwa maradufu. Kwa hiyo unga laini huachia vitu haraka, tena hubana maji yakakawia kupita. Unga wa chenga hufanya kinyume. Shida ya mashine ya visu ni kwamba hukatakata ovyo: ndani ya unga mmoja kuna vumbi na kuna mapande. Vumbi linatoa uchungu, mapande yanatoa ugwadu, na vyote vinakutana kikombeni. Kinu cha meno, hata kile cha kuzungusha kwa mkono, husaga chembe zinazokaribiana ukubwa. Kama fedha zinatosha chombo kimoja tu, mimi ningenunua kinu na kuachana na birika la mdomo mrefu, ingawa birika ndilo linalopendeza kwenye picha.

Kwa kuanzia, pima gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji, na upime kwa mizani, kwani vijiko havilingani. Suuza karatasi ya kuchujia kwa maji ya moto. Weka unga, kisha mimina maji kama gramu 30 hivi na usubiri sekunde 30 hadi 45. Utaona unga unavimba na kutoa viputo. Hiyo ni kaboni dayoksaidi iliyobaki tangu kahawa ilipokaangwa, na isipotoka kwanza huyasukuma maji yasiingie kwenye chembe. Unga usiovimba kabisa kwa kawaida umekaa muda mrefu. Maliza maji yaliyobaki kwa kumimina taratibu kwa mduara, yote yapite kwa dakika tatu hivi.

Joto la maji liwe kati ya nyuzi 90 na 96 za selisiasi. Anayeishi kwenye mwinuko wa mita 1,500 asipoteze muda kuyapoza, kwa kuwa huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Onja. Ikiwa na ugwadu, kesho saga laini kidogo. Ikiwa chungu, saga chenga zaidi. Mengine yote yaache kama yalivyo, maana ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hutajua lipi lililofanya kazi.

Karatasi yenyewe ilianza kama karatasi ya kukaushia wino. Mwaka 1908 Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, alichukua ile ya daftari la mwanawe, akaitandika ndani ya chombo alichokitoboa chini, ili aepuke machicha kikombeni. Karatasi hunasa pia mafuta ya kahawa, yakiwemo yale yanayoweza kupandisha lehemu (kolesteroli) mwilini. Birika la kubonyeza, yaani lile lenye chujio la waya linalosukumwa chini kwa mkono, halina karatasi, kwa hiyo kahawa yake ni nzito zaidi mdomoni. Humo unga hulowa kwenye maji yale yale, basi usagwe chenga na uachwe dakika nne. Ukishabonyeza, mimina yote mara moja: kinachobaki juu ya machicha kinaendelea kukamuliwa, na kikombe cha pili kitakuwa kichungu kuliko cha kwanza.