Ruzuku za kupunguza madhara ya kubeti: tunayoambiana mtaani na yalivyo kweli

Mi ni katibu wa kikundi kidogo huku Mbagala, Dar es Salaam, tulianza kama akina mama wa vikoba na vijana wachache waliochoka kuona hela za nyumbani zinaishia kwenye mikeka ya kubeti, na kwa sababu niliwahi kuandika maandiko mawili matatu ya kuomba ruzuku basi vikundi vingine vikitaka kuomba vinaniita nikae navyo. Karibu wote wanakwama palepale. Bidii wanayo, tena kubwa, ila wameshikilia mambo waliyoambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa na mtu. Nayaandika hapa jinsi ninavyoyajua, mengine nitayapita haraka maana hayana maneno mengi.

Ninalolisikia kuliko yote: "Hela ipo halmashauri, ile asilimia kumi." Hapana jamani. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yani 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba lakini ni mkopo, unarudishwa, na unapewa kikundi chenye shughuli ya kuingiza kipato. Ulisimamishwa Aprili 2023 ukarudi 2024 na utaratibu mpya, ila bado ni mkopo. Sasa kikundi kinachotaka kukaa na vijana walioumizwa na kamari, kuwasikiliza, kuwasindikiza kliniki, kitarejesha kwa kuuza nini? Kuna kikundi nakifahamu kiliandika ufugaji wa kuku ili wapate hela ya semina za kamari, banda halikujengwa, marejesho yakaanza kudaiwa na wanachama wakaanza kukwepana hadi msibani. Ruzuku ni hela usiyoirudisha ila unaitolea hesabu, shilingi kwa shilingi. Ukichanganya hapo mwanzo kila kitu kinachofuata kinapinda.

"Basi tuende Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, si ndo wenyewe." Bodi ipo kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, Sura ya 41, na kazi yake ni kutoa leseni na kusimamia wanaoendesha hiyo michezo. Ukiona mtoto chini ya miaka 18 anachezeshwa, hapo peleka malalamiko kwao na uyapeleke kwa maandishi, ni haki yako. Ila usiende pale na andiko la mradi ukitegemea kutoka na cheki.

"Ruzuku ni za NGO kubwa zenye ofisi Masaki." Hili linawavunja moyo wengi na lina ukweli nusu. Ni kweli kikundi kisichosajiliwa hakipati, maana hakuna mtu atakayeingiza hela kwenye akaunti ya mtu binafsi. Lakini CBO, yani kikundi cha kijamii, iliyosajiliwa halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii, yenye katiba, viongozi waliochaguliwa na mihtasari ya vikao iliyosainiwa, na akaunti ya benki inayosainiwa na watu zaidi ya mmoja, tayari ina mlango wa kugonga. Foundation for Civil Society pale Dar wametoa ruzuku kwa azaki, yani asasi za kiraia, za Tanzania kwa zaidi ya miaka 20. Balozi nazo zina mifuko midogo kwa ajili ya mashirika ya hapa hapa, Kanada wanao wao na Japani wanao wao. Ila soma kila mfuko unalipia nini kabla hujapoteza wiki mbili kuandika. Ule wa Japani kwa mfano kwa sehemu kubwa ni wa majengo na vifaa, madarasa, zahanati, visima, haulipi mishahara wala gharama za kuendesha ofisi, sasa kama mradi wako ni wa kukaa na watu na kuongea nao, pale hata ukiandika kwa wino wa dhahabu haupo mahali pake.

Halafu kuna hili: "Hakuna tangazo la ruzuku lenye neno kamari, kwa hiyo hatuna pa kuomba." Kweli kwa huku kwetu ni nadra kulikuta hilo neno kwenye kichwa cha tangazo. Lakini madhara ya kubeti hayatembei peke yake, yanakaa ndani ya afya ya akili, ndani ya ukatili wa majumbani, ndani ya uchumi wa kaya, ndani ya malezi ya watoto na vijana. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa, upo kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na tume ya jarida la Lancet ilipotoa ripoti yake Oktoba 2024 ilikadiria watu wazima karibu milioni 80 duniani wana tatizo hilo au wanacheza kwa kiwango kinachowaletea matatizo. Kwa hiyo tangazo la afya ya akili kwa vijana ni tangazo lako pia. Unachotakiwa ni kuonyesha uhusiano kwa ukweli, kwamba huyu mama alipigwa usiku ule kwa sababu ya ada iliyobetiwa, sio kuchukua mradi wa kilimo ukaupachika neno kamari mwishoni. Wasomaji wa maandiko wanaliona hilo kwa haraka sana.

Sasa nije kwenye lile lililotuumiza sisi wenyewe: "Weka takwimu kubwa, mfadhili atashtuka." Andiko letu la kwanza lilianza hivi, nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililiandika mimi: tatizo la kamari limewaathiri vijana wengi sana nchini na kuharibu nguvu kazi ya taifa. Tukakataliwa. Aliyetujibu alikuwa muungwana akatuandikia swali moja, wengi ni wangapi na wako wapi? Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tunaishi na tatizo kila siku na hatukuwahi kulihesabu.

Jumamosi moja tukatoka watu watatu, mimi, mama mweka hazina wetu, na kijana mmoja ambaye alishabeti hadi pikipiki ya bosi wake, tukapita mtaa kwa mtaa na daftari. Tulichokiona kilinibadilisha. Mi nilijua tatizo ni vibanda vya mikeka na simu, kumbe yale madubwi, mashine za kutumbukiza sarafu, yameingia hadi kwenye maduka ya kawaida tunayonunua sukari. Kuna duka moja mashine imekaa kati ya gunia la mchele na friji ya soda. Tumesimama pale, mtoto wa kiume wa kama miaka tisa, sare ya shule bado mwilini, katumwa chumvi, akapewa chumvi na chenji, sarafu ya mia mbili, na kutoka mkono wa muuzaji hadi kwenye tundu la mashine ile sarafu haikusafiri hata hatua mbili. Taa zikawaka, zikazima. Mtoto akachukua chumvi yake akaondoka. Muuzaji wala hakuinua macho, sio kwamba ni mtu mbaya, alishazoea.

Tuliporudi mama mweka hazina akafungua daftari la vikoba, akaanza kutuonyesha kwa kidole wiki ambazo watu walishindwa kununua hisa. Pembeni ya majina mengine alikuwa ameweka alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu, nikamuuliza hizi ni nini mama, akasema hawa ndo walionieleza kweli kwamba hela imechukuliwa ndani na mtu wa kubeti. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa anaandika zile alama, hakuna aliyemtuma na sisi tunahangaika kutafuta takwimu za taifa zima mtandaoni! Ile karatasi moja ilikuwa na nguvu kuliko kurasa zangu kumi na mbili. Andiko la pili lilianzia kwenye lile duka na lile daftari, maduka mangapi yana mashine, yapo hatua ngapi kutoka geti la shule, wanachama wangapi waliyumba kwa sababu hiyo, na tunataka nini kibadilike ndani ya miezi sita.

Hapo linaingia lingine, "Mradi ni semina na tisheti." Najua semina inapendeza, picha zinatoka vizuri, mgeni rasmi anakuja. Lakini jiulize kijana aliyekula ada ya mdogo wake anakosa elimu gani? Anajua kabisa kwamba anapoteza, anajua kuliko wewe, anakumbuka kila mkeka uliochanika kwa timu moja. Anachokosa ni mtu wa kumwambia bila kutukanwa, ni njia ya kukaa mbali na ile simu siku ya mshahara, ni utaratibu wa kulipa madeni kidogo kidogo, na wengine kwa kweli wanahitaji daktari wa afya ya akili maana wapo wanaofikia kuwaza kujiua. Weka hivyo kwenye andiko. Kikao cha kila wiki cha watu nane wanaojaribu kuacha, nauli ya kumsindikiza mtu hospitali, makubaliano na wenye maduka kwamba mashine inatoka au watoto hawaigusi, mama mmoja mmoja kupangiwa namna ya kulinda hela ya chakula. Hivyo vinahesabika. Mfadhili akija mwezi wa tano wa mradi akauliza maduka mangapi yametoa mashine unamtajia namba na mnaenda kuyaangalia wote kwa miguu.

"Tuwaombe kampuni za kubeti wenyewe, wana hela." Wanazo, na wengine watakupa haraka kuliko balozi yoyote. Mi nimekataa na nitaendelea kukataa, na nawaelewa waliokubali maana njaa ya kikundi ni njaa kweli. Tatizo ni kwamba hela ya hiari inakuja na jezi zenye nembo yao, inakuja na bango kwenye bonanza lako la vijana, na siku utakapotaka kusema ile mashine ya jirani na shule iondolewe utajikuta unapima maneno. Uingereza walikaa miaka mingi na mtindo wa kampuni kuchangia kiasi zinachotaka wenyewe, lawama zikawa nyingi, na kuanzia Aprili 2025 wakaleta tozo ya lazima, asilimia 0.1 hadi 1.1 ya kinachobaki baada ya washindi kulipwa, kutegemea aina ya mchezo, nusu inaenda kwenye matibabu, asilimia 30 kwenye kinga na 20 kwenye utafiti. Kampuni inalipa kwa sheria, haichagui nani apewe. Hilo ndo ningependa siku moja tulidai na sisi, lakini mpaka lifike, kopo la michango kwa mchezeshaji mi silipeleki.

Kuna kitu wengi hawakifikirii kabisa, wanadhani andiko bila picha na jina la mwathirika halina mguso. Tafadhali msifanye hivi. Kijana kakuamini kakwambia aliiba, wewe unaweka sura yake kwenye faili linalosambazwa kwa watu usiowajua, kesho linafika kwa mwajiri wake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na imeanza kutumika tangu Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, huyo ni mtoto wa jirani yako. Andika "kijana mmoja wa kiume, dereva bodaboda", inatosha kabisa, kisa kitasimama chenyewe.

"Andiko lazima liwe la Kiingereza." Wapo wafadhili wanaopokea andiko kwa Kiswahili, uliza kabla hujamlipa mtu laki tatu akuandikie. Hao waandishi wa kukodi nimeona wanauza andiko lilelile kwa vikundi vinne, wanabadilisha jina la kata tu, na kuna kikundi kilienda kuhojiwa mwenyekiti akaulizwa kuhusu viashiria vyake mwenyewe, vile vipimo vya kuonyesha mradi umefanikiwa, akawa hajui vimeandikwa nini. Kama Kiingereza ni lazima, andikeni kwanza kwa Kiswahili wote mkiwepo, mkishakubaliana ndo mtafute wa kutafsiri.

"Hela ikishaingia ni yetu." Mnatakiwa kutunza risiti za EFD, zile za mashine za kodi, karatasi za mahudhurio zenye saini na hati za malipo, na sio kuzitafuta wiki ya ripoti. Kama mmesajiliwa NGO, kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina ya serikali na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10, na nimeona watu wazuri kabisa wakiingia matatani kwa kutolijua hili tu.

Na la mwisho, "Tukikataliwa basi tena." Andiko letu la pili nalo lilikataliwa mara ya kwanza. Nikaandika barua pepe fupi ya kushukuru na kuuliza tulikosea wapi, majibu yalikuja baada ya wiki tatu, mistari miwili, kwamba tatizo limeelezwa vizuri ila karibu nusu ya bajeti ni posho za vikao. Ilikuwa kweli. Tukakaa chini ya mwembe kwa mama mweka hazina, tukafuta posho zetu wenyewe viongozi, ikabaki nauli na chai ya wale wanaojaribu kuacha, na hapo kulikuwa na mabishano makali sana, wawili walijitoa kikundini siku ileile. Dirisha la maombi lilipofunguliwa tena tukatuma. Tulipewa hela ndogo ya miezi sita, na siku ya kwanza ya kazi tulianzia kwenye lile duka la friji ya soda.