Je, wajua kwa nini Peter Gabriel aliitosa Genesis? Na mzee wetu Hukwe Zawose anaingiaje hapo?

Juzi nimepanda daladala Nkuhungu hapa Dodoma naenda mjini, dereva kaweka flashi ya nyimbo za Kigogo, ikapita moja ya mzee Hukwe Zawose, ile ilimba yake, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ukishaisikia mara moja huisahau. Dogo mmoja wa chuo kakaa pembeni yangu akaniuliza, eti bro huyu mzee si ndo alirekodiwa na wazungu wa rock? Nikamwambia ndio, albamu yake ya Chibite ya mwaka 1996 ilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel, yule aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Genesis ya Uingereza. Akatulia kidogo, akarudi tena, sasa kama alikuwa na bendi kubwa vile aliiachaje? Tukafika Sabasaba konda anatushusha sijafika hata katikati, kwa hiyo namalizia hapa.

Watu wengi ukiwauliza watakwambia alitaka kuwa staa peke yake, full stop. Hapana bana. Ukifuatilia mambo yalivyokwenda unaona kilichowamaliza ni kitu ambacho mwanzoni wote walikuwa wanajivunia, ile sheria yao kwamba kila wimbo ni wetu sote.

Walianza 1967 wakiwa wanafunzi pale Charterhouse, shule ya bweni ya watoto wa wenye nazo, Gabriel anaimba, Tony Banks kinanda, Mike Rutherford besi, Anthony Phillips gitaa. Albamu ya kwanza ya 1969 waliiita From Genesis to Revelation, kuna maduka yakaiweka kwenye rafu ya nyimbo za dini, na kwa jina lile kwa kweli hata mimi ningeiweka huko huko karibu na kwaya. Phillips akatoka 1970, hofu ya steji ilikuwa inamuumiza mpaka mwili. Wakaingia Phil Collins kwenye dramu na baadaye kidogo Steve Hackett kwenye gitaa, na hawa watano ndo Genesis ambayo wazee wa rock mpaka leo wanailia.

Sasa sikia. Kwenye albamu zao za miaka ile, sehemu ya watunzi, yanaandikwa majina ya memba wote hata kama wimbo kautoa mtu mmoja karibu mzima mzima. Uamuzi nao ni wa kukaa na kubishana mpaka wakubaliane. Inapendeza ukiisikia, ila tatizo lake ni kwamba huku nje hakuna anayejua nani kafanya nini, na msikilizaji akishakosa kujua anampa sifa yule anayemuona mbele. Nani yuko mbele? Anayeshika maiki.

Na huyu wa maiki hakuwa mtu wa kusimama kimya. Septemba 1972 wako Dublin wanapiga laivu, katikati ya wimbo Gabriel akapotea steji, kurudi kavaa gauni jekundu la mke wake na kichwa cha mbweha, wenzake wanapiga vyombo macho yamewatoka maana hakuwaambia kitu. Fikiria angewaambia, wangeanza kikao, na kikao kingekuwa na wajumbe wanne wa kupinga. Picha zikasambaa magazetini, bei ya shoo ikapanda, na kuanzia hapo waandishi wakawa wanaandika kama vile Genesis ni Peter Gabriel na vijana wake. Hebu jiweke kwenye viatu vya Tony Banks, muziki wa wimbo wenu Firth of Fifth wewe ndo umeutoa kwa sehemu kubwa, halafu unafungua gazeti unakuta habari nzima ni ya kichwa cha mbweha.

Nililielewa hili kwa sababu ya kwaya. Niliwahi kuimba kwaya moja hapa Dodoma, jina niliache, ikaja kugawanyika mbili, na watu nje walisema ni hela, wengine wakasema ni kinanda kipya, lakini sisi tuliokuwa ndani tulijua ni kwamba watunzi walikuwa watatu na nyimbo za kurekodi ni nane, halafu kila mmoja anazo sita. Hesabu haikubali tu. Hakuna aliyemchukia mwenzake, tulikuwa tunakula ugali sahani moja.

Basi kiangazi cha 1974 Genesis wakapiga kambi kwenye jumba moja bovu linaitwa Headley Grange, Led Zeppelin nao waliwahi kufanyia kazi pale, kutunga albamu ya santuri mbili. Walitaka iwe hadithi moja mwanzo mwisho. Rutherford akapendekeza kitabu cha The Little Prince, Gabriel akakataa, akaleta ya kwake, kijana wa mtaani New York anaitwa Rael, kisha akasema mistari yote ya nyimbo naandika mimi, hadithi haiwezi kuandikwa na kamati. Na kusema ukweli alikuwa na hoja. Ila hapo hapo kavunja ile sheria. Ikawa chumba hiki wanne wanatunga muziki, chumba kile mmoja anaandika maneno, anachelewa, muziki umeiva maneno hakuna, mwishowe Banks na Rutherford wakalazimika kuandika mistari ya wimbo mmoja wao wenyewe ili kazi iishe.

Na mambo mawili yakaingia humo humo. La kwanza, William Friedkin, muongozaji wa The Exorcist, alisoma kisa ambacho Gabriel alikiandika nyuma ya kava la albamu yao ya laivu, akampenda, akamtaka kwa ajili ya mawazo ya filamu. Gabriel akawaomba wenzake wasimame kwa muda, wakakataa, akaondoka. Friedkin aliposikia bendi inataka kufa kwa sababu yake akarudi nyuma, na Gabriel naye akarudi kambini, lakini si unajua mtu akishaondoka mara moja. La pili ndo linaniuma mimi kama mzazi. Julai 1974 mke wake alijifungua mtoto wao wa kwanza, binti, kwa shida sana, mtoto hali mbaya, baba anakimbia kati ya hospitali London na kambi ya kurekodi huko Wales walikohamia, na wenzake, vijana wa ishirini na kitu, wao wanaona jamaa anachelewesha kazi. Baadaye wenyewe walikuja kukiri kwamba hapo hawakuwa waungwana. Mimi ningekuwa yeye ningetoka siku ile ile.

Yeye alivumilia zaidi yangu. Albamu, The Lamb Lies Down on Broadway, ikatoka Novemba 1974, ziara ikaanza Marekani, na wakiwa Cleveland mwanzoni kabisa mwa ziara akawaambia nikimaliza hii natoka. Kwa hiyo walizunguka miezi wakipiga kila usiku huku wote watano wanajua na mashabiki hawajui. Kulikuwa na vazi moja la mtu mwenye mavimbe mwili mzima, likubwa mpaka maiki haifiki mdomoni, yaani mwimbaji kaja kazini halafu haimbiki, na wenzake nyuma wanasaga meno. Mei 1975 wakamaliza Ufaransa, Agosti ndo dunia ikaambiwa.

Kila mtu akajua Genesis imekwisha. Wakafanya usaili wa waimbaji kibao, Collins akiwa ndo anawafundisha wageni jinsi ya kuimba, mpaka ikaonekana anayeimba vizuri kuliko wote ni mwalimu mwenyewe. A Trick of the Tail ya 1976 ikapanda hadi namba 3 Uingereza. Na angalia hili ambalo kwangu ndo jibu lenyewe la swali la yule dogo: kwenye albamu hiyo, ya kwanza bila Gabriel, kila wimbo ukaandikwa jina la aliyeutunga. Walijifunza, ila walijifunza mwimbaji akiwa ameshaenda.

Huku kwetu ugomvi kama huu ulikuwa na njia nyingine ya kutokea. NUTA Jazz ya 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi cha NUTA, ndo hii hii Msondo Ngoma, imebadilishwa majina ila haijafa, na usifikiri hawakugombana. Mzee Muhidin Gurumo alitoka pale 1978 akaenda bendi ya Mlimani Park, 1985 akaenda Safari Sound, akaja kurudi nyumbani kwake kwa zamani, na Msondo na Mlimani Park ziliendelea kupiga. Sababu ni kwamba vyombo ni vya mwajiri na jina ni la mwajiri, mwanamuziki akinuna anahama kama mchezaji wa mpira na mashabiki wanahama naye au wanabaki kumzomea. Genesis hawakuwa na mwajiri wa kuwapokonya gitaa, walikuwa marafiki wa shule tu, ndo maana kutoka kwa mmoja kulikuwa kama talaka.

Ila talaka yao ilikuwa na utu. 1982 Gabriel na wenzake wengine walianzisha tamasha la WOMAD kuleta muziki wa dunia nzima Uingereza, la kwanza likala hasara kubwa, wadai wakawa wanamtishia hata maisha. Genesis wakasema njoo tupige shoo moja tulipe deni. Tarehe 2 Oktoba 1982, Milton Keynes, mvua inanyesha, Gabriel akaletwa steji ndani ya jeneza. Sasa mtu kama huyo unamfanyaje. WOMAD ikapona, Real World ikaja 1989, na kwenye njia hiyo hiyo ndo mzee wetu mzaliwa wa Doduma akapita na zeze lake, mpaka 2002 yeye na Charles Zawose wakawa wanapanda steji kwenye ziara ya Gabriel huko Marekani, mwaka mmoja tu kabla mzee hajafariki.

Shoo ya mwisho kabisa ya Genesis ilikuwa London, Machi 2022. Collins anaimba kakaa kwenye kiti kwa sababu ya afya, dramu kamwachia mwanae Nic, na Gabriel yuko ukumbini kakaa na mashabiki. Collins akamtania kwenye maiki, kwamba huenda yeye ndo yule anayepiga kelele akiomba Supper's Ready, wimbo wa 1972 wa dakika 23 walioutengeneza wote watano.