Sikohoi, mbona niambiwe nisafishe mapafu?

Wengi wanaotumwa kwangu hufika na bahasha kubwa ya picha ya kifua na uso wa mtu aliyeonewa. Walimaliza dawa za kifua kikuu miaka iliyopita, wanapanda mlima wa mtaa wa Kadutu na mzigo begani bila kusimama. Halafu picha iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa imeonyesha mirija ya mapafu iliyotanuka, na makohozi waliyotolewa kwa kuvutishwa mvuke wa maji ya chumvi yameotesha vijidudu. Mimi ni kine, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, hapa Bukavu. Maswali yao ni haya.

Dokta, sina homa, nakula vizuri. Huo ugonjwa uko wapi?

Uko kwenye mirija inayopitisha hewa. Kwa ndani mirija hiyo ina vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kama mara 10 hadi 20 kila sekunde na kupandisha ute mpaka kooni. Tunaumeza bila kujua. Kifua kikuu, nimonia kali, surua au kifaduro cha utotoni vinaweza kuacha kovu: ukuta wa mrija unalegea, unatanuka, na haurudi tena. Ute ukifika hapo unatuama, na vijidudu vinapata makao. Mwili unapigana navyo, lakini silaha zake zinaumiza ukuta uleule, mrija unazidi kutanuka, ute unazidi kutuama.

Hali hiyo inaitwa bronkiektasia. Aliyeieleza mwanzoni, mwaka 1819, ni Laennec, daktari wa Ufaransa aliyebuni kifaa cha kusikilizia kifua. Yeye mwenyewe kifua kikuu kilimuua mwaka 1826.

Kwa nini hukohoi? Kwa sababu ute bado ni kidogo, au umekaa chini sana, mbali na sehemu zinazoamsha kikohozi. Nenda mto Ruzizi, pale bwawa la umeme lilipo. Chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa mitaani inashuka ziwani na kwenda kukusanyika kule. Watu wanaiopoa hata siku ambazo taa zinawaka vizuri mjini. Wakingoja taa zizimike, mitambo imekwisha kuziba.

Mbona daktari hakuniandikia dawa hata moja?

Najua kwetu mtu akitoka hospitali bila dawa anaona ameibiwa. Lakini antibiotiki haifyonzi ute uliotuama, na ukiimeza ovyo unafuga vijidudu sugu. Inaandikwa ugonjwa unapochachamaa, au pale daktari anapoona kijidudu fulani lazima kifukuzwe mapema.

Kuna jambo moja ambalo hunikera. Wapo ndugu wa kijidudu cha kifua kikuu ambao kwao ni majini na kwenye udongo. Chini ya darubini, kwa rangi ileile, huwezi kuwatofautisha naye. Kwa hiyo mtu aliyewahi kutibiwa akiambiwa "kifua kikuu kimerudi" kwa darubini peke yake, aombe kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya kifua kikuu chenyewe. Hao ndugu, wakilazimu kutibiwa, kundi lao la kawaida linahitaji dawa tatu kwa pamoja, na zinaendelea mwaka mzima baada ya makohozi kuwa safi. Ndiyo maana mgonjwa ambaye hali yake ni nyepesi daktari anaweza kuamua amfuatilie kwanza, huku anasafisha kifua. Lakini azitromisini, ile inayouzwa duka lolote la dawa bila hata kuulizwa jina, usiimeze peke yake "kwa kujikinga". Ndiyo nguzo ya matibabu hayo. Wakishaizoea, umejifungia mlango.

Nitaambukiza watoto?

Kwanza kifua kikuu kiondolewe kwenye hesabu kwa kipimo. Kikishaondolewa, kuleni sahani moja kama zamani. Vijidudu hivi vingine kwa kawaida havihami kutoka kwako kwenda kwa mtoto mwenye mapafu mazima.

Hayo mazoezi yanafanywaje?

Asubuhi kabla ya kula ni wakati mzuri. Ukishakula, ngoja saa moja au zaidi. Keti wima, mabega yashuke, mkono mmoja chini ya mbavu. Pumua polepole kwa tumbo kama dakika moja, bila kufanya lolote lingine. Wanaume wengi huiruka hatua hii, wanadhani ni kupoteza wakati, kisha wanaishia kukohoa bure.

Sasa vuta pumzi ndefu kwa pua, shikilia ukihesabu moja, mbili, tatu, uiachie itoke yenyewe. Fanya mara tatu au nne. Kule kushikilia ndiko kwenye kazi: hewa inapata nafasi ya kupenya njia za pembeni na kukaa nyuma ya ute. Pumzika kidogo.

Halafu inakuja "haa". Fungua mdomo na koo, vuta pumzi ya kadiri, uisukume nje kwa tumbo, ndefu, kama unayetaka kutia ukungu kwenye kioo. Hiyo inachota kutoka chini. Ukisikia kitu kimepanda, vuta pumzi kubwa na utoe "haa" fupi ya nguvu. Kohoa pale tu kitu kimefika juu, uteme. Moja au mbili zinatosha, kisha urudi kwenye kupumua polepole. Mzunguko wote unarudiwa mpaka "haa" itoke kavu. Wengi wanatumia kati ya dakika 10 na 30, mara moja au mbili kwa siku.

Nilimfundisha mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Siku ya kwanza alikuwa anaguna kama mtu anayetwika bidoni la maji, koo limefungwa, mishipa ya shingo imesimama. Nikamshikisha kioo kidogo cha kujipodolea: ukungu ukitanda, umeweza. Mara ya tano kioo kikapotea chote, akacheka, na katikati ya kile kicheko kikatoka kipande cha ute wa kijani ambacho hata yeye alikishangaa. Mwaka mzima alikuwa ameniapia hana makohozi.

Kuna wanaofaidika zaidi wakilala ubavu. Upande upi, aliyeiona picha yako akuambie. Kulala kichwa chini, kama walivyokuwa wanafundisha wazee wetu wa kazi, siwashauri wenye kiungulia, wenye presha, wala wajawazito.

Nikifanya halafu hakitoki kitu?

Ni sawa, kingine unakimeza. Sikiliza sauti ya "haa": ikiwa inakwaruza mwanzoni na kulainika mwishoni, umefanya kazi. Andika kwenye daftari rangi na kiasi, kijiko cha chai au cha mezani. Mazoezi haya hayaui vijidudu, kwa hiyo usishangae maabara ikiviona tena. Tunachotaka ni ute usitulie.

Lazima ninunue mashine?

Hapana. Vipo vifaa vya kupulizia vyenye gololi ya chuma ndani, vizuri lakini ghali. Wengine tunawatengenezea chupa ya maji na mrija uliozama sentimita 10, mgonjwa anapuliza mapovu. Kine wako aupime mrija mwenyewe, usibahatishe. Maji yabadilishwe kila mara, chupa ioshwe kwa sabuni na kukaushwa, la sivyo unajipandia vijidudu vingine. Aliyewahi kutoboka pafu au anayetema damu asiiguse.

Na nyumbani?

Mbabula, yaani jiko la makaa, itoke nje, moshi wake unalemaza vile vinyweleo. Sigara vilevile. Milima yetu ni dawa ya bure: kupanda hadi pumzi iende mbio kunasukuma ute.

Lini nikimbie hospitali?

Mstari wa damu kwenye makohozi: acha "haa" zote, nenda siku hiyohiyo. Damu ya kujaa kikombe: ni dharura, hata usiku. Makohozi yakiongezeka au kubadilika rangi kwa siku mbili au tatu, homa, kupumua kwa shida, hivyo pia usivingojee. Na ukikonda, ukilowa jasho usiku, omba upimwe kifua kikuu upya. Kipimo na dawa zake nchini kwetu ni bure. Uje na makohozi ya alfajiri, yaliyotoka kifuani baada ya "haa" mbili tatu, kwenye kikopo ulichopewa. Mate ya mdomoni maabara wanayarudisha.